Futi, Mita na Ndege za Kompyuta

Kijana wa Moshi au Arusha aliyefundishwa tangu shule ya msingi kwamba Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, akiketi mbele ya kompyuta na kufungua mojawapo ya programu za kuigiza urushaji wa ndege, akachagua Cessna 172 na kuondoka nayo katika kiwanja cha Kilimanjaro kuuelekea mlima aujuao, hachukui muda kutambua kwamba altimita, yaani ile saa ya kupimia kimo cha ndege, haihesabu kama alivyohesabu mwalimu wake. Kwa maana akrabu zake huzunguka kwa futi, na kilele alichokijua kwa mita 5,895 kimegeuka kuwa futi 19,341, ilhali ndege yake ndogo, ambayo uwezo wake wa kupanda hukoma kwenye kiasi cha futi 14,000, haitakifikia kamwe. Basi huenda kijana huyo, kwa kuona tabu ya kugeuza hesabu kichwani huku mikono yake imeshughulika na usukani, akafungua ukurasa wa mipangilio, akakuta kwamba ameruhusiwa kuchagua vipimo vya Kimarekani au vya mita, akachagua mita, na akarudi angani ameridhika. Nataka kusema juu ya tendo hilo dogo, kwa sababu nina yakini kwamba limemnyima jambo kubwa, na lawama yake haimwangukii yeye bali wale waliompa ruhusa hiyo bila kumweleza thamani ya kile anachokiacha.

Sisemi haya kwa mahaba ya futi. Vipimo vya mita ndivyo vipimo vya sheria zetu, vya masoko yetu na vya maabara zetu, na mtu aliyewahi kukariri kwamba futi moja ina inchi 12, yadi ina futi 3 na maili ya nchi kavu ina futi 5,280, kisha akapewa nafasi ya kuhesabu kwa makumi, hana sababu ya kuyalilia ya kale. Walakini swali la vipimo katika programu hizi si swali la kipimo kipi kilicho bora, ingawa hilo ndilo ambalo wabishi wa pande zote mbili wamelishikilia hata wakasahau kuuliza programu zenyewe zimeundwa kwa madhumuni gani. Zimeundwa ili ziige. Na kinachoigwa ni ndege maalumu, iliyoundwa na watu maalumu, ikiruka katika anga iliyowekewa kaida zake. Na maadamu kipimo kilichochorwa kwenye uso wa saa ya ndege ni sehemu ya ndege ile sawasawa na bawa lake na injini yake, basi kukibadilisha kwa ajili ya kumridhisha mtumiaji ni kuunda ndege isiyokuwapo duniani na kuiita kwa jina la ndege iliyopo.

Programu hizi si za jana. Bruce Artwick, Mmarekani aliyeanza kuishughulikia kazi hii alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya sabini, alitengeneza kiigizo cha kompyuta ya Apple II, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa kiigizo chake kwa jina lake yenyewe. Zikafuata X-Plane, na FlightGear ambayo hutolewa bure kwa yeyote atakaye, na IL-2 Sturmovik ya mwaka 2001, na DCS World, hizi mbili za mwisho zikiwa zimeanzia mikononi mwa Warusi. Nazo ndizo ambamo naona insafu ninayoitaka. Aingiaye katika MiG-21 ya DCS hukuta kimo kimeandikwa kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa; aingiaye katika Spitfire hukuta futi, na mwendo wake ni kwa maili za nchi kavu, si za baharini; aingiaye katika Messerschmitt 109 hurudi kwenye kilomita. Mmarekani aliyezoea futi hulazimika kujifunza kusoma saa ya Mrusi, na Mrusi saa ya Mwingereza, na hakuna anayedhulumiwa, kwa kuwa kila mmoja amepewa ndege kama ilivyotoka kiwandani. Hata hiyo Cessna 172 tuliyoitaja haina kipimo kimoja kwa zama zote: zile za kabla ya katikati ya miaka ya sabini zilipima mwendo wao hasa kwa maili za nchi kavu kwa saa, na zilizofuata zikapima kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, hata ikawa anayezisoma zote mbili bila kuangalia maandishi yaliyo chini ya akrabu anaweza kukaribia kutua kwa mwendo usiofaa.

Mtu akisikia kwamba anga ya mataifa yote inapimwa kwa maili za baharini, huenda akadhani kwamba ni ukaidi wa mabaharia wa Kizungu uliohamia katika ndege. Sivyo. Maili ya baharini ni urefu wa dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia, na mkutano wa kimataifa wa wapimaji wa bahari uliokutana Monaco mwaka 1929 uliuthibitisha kuwa mita 1,852 kamili. Kwa hiyo rubani aliyefungua ramani ya pwani yetu, akaona kwamba Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 6 na dakika 50 kusini mwa ikweta, na Tanga karibu na nyuzi 5 na dakika 5, na kwamba miji hii miwili imekaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, amekwisha kujua, bila rula wala jedwali, kwamba mwendo baina yao angani ni kama maili 105, kwa sababu dakika zilizo baina yao ni 105. Kupima njia kwa mbingu namna hiyo si jambo geni katika Bahari ya Hindi. Ahmad bin Majid, bingwa wa manahodha wa karne ya kumi na tano, ambaye miongoni mwa tungo zake kuna shairi la kuongoza safari za pwani hii mpaka Sofala, alipima kimo cha nyota ya Kaskazini kwa upana wa kidole, na mwendo wa chombo ulioipandisha au kuishusha nyota hiyo kwa kidole kimoja ukagawanywa katika zamu nane. Kanuni ni ile ile: umbali baharini hutolewa katika pembe iliyo mbinguni, na kwa hiyo nahodha hahitaji kubeba kamba ya kupimia dunia.

Na mita nayo ina nasaba hiyo hiyo. Wafaransa wa zama za mapinduzi yao, walipotaka kipimo kisichokuwa cha mfalme yeyote wala cha mkoa wowote, waliamua kwamba mita iwe sehemu moja katika milioni 10 za njia itokayo ncha ya Kaskazini ya dunia mpaka ikweta. Maana yake ni kwamba robo ile ya duara la dunia ina kilomita 10,000 kwa hesabu yao, na maili 5,400 kwa hesabu ya mabaharia, nayo ni njia moja. Futi ndiyo isiyokuwa na nasaba ya kujivunia. Hata urefu wake haukulingana kikamilifu baina ya nchi zilizoitumia, mpaka mataifa yanayosema Kiingereza yalipoafikiana mwaka 1959 kwamba iwe mita 0.3048 kamili, na ilipata enzi yake angani kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili ndege nyingi za abiria zilitoka katika viwanda vya Marekani na Uingereza. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na shirika hilo katika Kiambatisho cha Tano cha mkataba, mwaka 1979, likaufanya mfumo wa kimataifa wa mita na kilo kuwa mfumo wa msingi, likaruhusu futi, noti na maili ya baharini ziendelee kwa muda. Na siku ya kukoma kwa muda huo haijawekwa hata leo.

Hivyo anga tuliyo nayo ni ya mchanganyiko, na mchanganyiko huo umeingia hata katika viwanja vyetu. Rubani anayekaribia Dar es Salaam huambiwa kimo kwa futi, upepo kwa noti, upeo wa kuona kwa mita au kilomita, joto kwa nyuzi za Selsiasi, na mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali. Na njia ya kutulia imepimwa kwa mita. Wamarekani kwao hupima mgandamizo kwa inchi za zebaki na njia za viwanja kwa futi, lakini joto katika taarifa zao za hali ya hewa za viwanjani hulitoa kwa Selsiasi kama sisi. Mwenye kupenda utaratibu huona uchungu kulitazama jambo hili, nami naliona hivyo. Lakini ndivyo lilivyo, na mwanafunzi hana budi kulijua kama lilivyo.

Tena kuna hesabu za kazi, ambazo mwenye kubadilisha vipimo huzipoteza bila kujua kwamba zilikuwapo. Ndege inapokuja kutua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3, na marubani wana kaida ya kichwani isiyohitaji kalamu: chukua maelfu ya futi unazotaka kushuka, zidisha kwa 3, utapata maili za baharini ambazo kabla yake inakupasa kuanza kushuka, kwa hiyo mwenye futi 6,000 za kuteremka huanza maili 18 kabla ya kufika. Kisha chukua mwendo wako kwa noti, zidisha kwa 5, utapata futi za kushuka kwa kila dakika, hata mwenye noti 120 ashuke futi 600. Hesabu hizi hukubali kwa sababu noti moja ni takriban futi 100 kwa dakika, na mteremko wa nyuzi 3 ni takriban sehemu 5 katika 100; ni bahati njema ya vipimo viwili vilivyokutana, nayo imekuwa ada ya vizazi vya marubani. Kijana aliyegeuza altimita yake kuwa mita huku mwendo na umbali umebaki kwa noti na maili, kama baadhi ya programu zinavyomruhusu, amejitia katika hali ambayo kaida hii haifanyi kazi wala hana nyingine ya kuishika mahali pake.

Lakini nisije nikadhaniwa kwamba nasema futi ina akili ambayo mita haina. Wenye kurusha ndege zisizo na injini katika nchi nyingi za Ulaya hutumia kilomita kwa saa, mita kwa kimo, na mita kwa sekunde kwa kupanda na kushuka, na kwao hesabu ni nyepesi kupita kiasi: ndege iendayo mita 30 kwa sekunde huku ikishuka mita 1 kwa sekunde huenda mita 30 kwa kila mita 1 ya kimo, basi mwenye kimo cha mita 1,000 anajua, hewa ikitulia, kwamba ana kilomita 30 mkononi. Huo ndio ustadi wao, umejengwa juu ya saa zao. Na atakayeiga ndege hizo kwa futi ameuharibu, kama yule aliyeiga Boeing kwa mita.

Wanaotetea uhuru wa kuchagua husema kwamba jambo hili ni la starehe, na kwamba hapana mtu aliyewahi kufa kwa kosa la vipimo katika kompyuta ya nyumbani. Kwa kompyuta ya nyumbani ni kweli. Lakini hebu tuangalie yaliyotokea Shanghai tarehe 15 Aprili 1999, ilipoondoka ndege ya mizigo ya Korea ya Kusini aina ya MD-11 kuelekea Seoul. Waongoza ndege wa China hutaja kimo kwa mita, na ndege ile iliamriwa kupanda mpaka mita 1,500, ambazo ni karibu futi 4,900. Ilipofika futi 4,500, ikiwa katika njia iliyo sawa kabisa, nahodha wa ndege alimwuliza rubani msaidizi kimo walichoamriwa, naye akamjibu mara mbili kwamba ni futi 1,500. Basi nahodha, akidhani kwamba wamevuka amri kwa futi 3,000, akaisukuma pua ya ndege chini kwa nguvu, ikaporomoka wala haikuinuka tena. Wakafa wote watatu waliokuwamo, na watu watano waliokuwa ardhini katika shughuli zao. Namba waliyoikumbuka ilikuwa namba ya kweli; kilichoanguka akilini ni neno lililokuwa nyuma yake.

Miaka kumi na sita kabla yake, tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton, katika siku ambazo shirika hilo lilikuwa limeanza kupokea ndege zinazopima mafuta kwa kilo ilhali nyingine zake zote zilipima kwa ratili. Saa za mafuta zilikuwa zimeharibika, ikabidi mafuta yapimwe kwa vijiti tankini. Safari ilitaka kilo 22,300. Zilizokuwamo ni lita 7,682, na waliohesabu wakazidisha lita hizo kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja kwa ratili, badala ya kiasi cha 0.8, ambacho ni uzito wake kwa kilo. Wakaongeza lita chache kuliko zilizotakiwa, na ndege ikaruka na ratili 22,300 badala ya kilo 22,300, yaani chini ya nusu ya mafuta ya haja. Injini zilizimika moja baada ya nyingine, na nahodha Bob Pearson, aliyekuwa na bahati ya kuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha kimya kimya mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi la anga uliokuwa umegeuzwa kuwa wa mashindano ya magari. Hakufa mtu.

Nimeyakalia mambo haya mawili kwa sababu yanaonyesha mahali hatari ilipo. Haiko katika futi, wala haiko katika mita. Iko katika kivuko baina yao. Na kivuko kingine ni cha mgandamizo wa hewa: mwongoza ndege akitamka tarakimu tisa, tisa, mbili, akimaanisha hektopaskali 992, na rubani aliyezoea Marekani akazisikia kama inchi 29.92 za zebaki, ambazo ni sawa na hektopaskali 1,013, altimita yake itamdanganya kwa karibu futi 600, na udanganyifu huo utakuwa upande wa mauti, kwa maana ndege itakuwa chini kuliko inavyoonyesha. Hapa ndipo kiigizo cha kompyuta kinapokuwa na kazi yenye heshima kuliko starehe, kwa kuwa ndipo pekee ambapo mtu anaweza kukosea katika kivuko hicho, akauona mlima ukijaa kiooni, akajifunza, na akainuka kitini mzima. Programu inayomwondolea kivuko chenyewe, kwa kumgeuzia kila kitu kiwe sawa na vipimo vya nyumbani kwake, imemwondolea darasa.

Fauka ya hayo, kugeuza kwenyewe si jambo la kuzidisha na kugawanya tu kama mashine inavyodhani. Katika anga ya China, ndege iliyoamriwa kushika mita 8,900 haigeuzi namba hiyo kwa hesabu, kwa maana hesabu ingeipa futi 29,199. Rubani hutazama katika jedwali lililowekwa kisheria tangu mwaka 2007, akakuta kwamba mita 8,900 hurushwa kwa futi 29,100, akaiweka hiyo. Futi zile 99 zina maana kwa mwenye ndege nyingine iliyo juu yake au chini yake kwa futi 1,000 tu. Kiigizo kinachotafsiri namba bila kujua jedwali kimemfundisha mwanafunzi kimo ambacho hakuna ndege inayokishika katika anga ile.

Kuhusu yaliyomo ndani ya programu, mahali ambapo mtumiaji haoni, sina neno refu. Mtambo wa hesabu wa JSBSim ambao FlightGear huutumia hufanya hesabu zake kwa futi na ratili, na X-Plane huwapa wanaotengeneza nyongeza zake mahali ilipo ndege kwa mita. Kila mmoja na achague apendavyo, mradi kila namba inayotoka programu moja kwenda nyingine ichukuane na jina la kipimo chake. Chombo cha anga za juu kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea mwezi Septemba 1999 kwa sababu programu moja huku duniani ilitoa hesabu ya msukumo kwa ratili, na nyingine ikaipokea kwa nyutoni, wala baina yao hapakuwa na aliyeuliza.

Iko hoja moja ambayo siwezi kuipita, kwa kuwa wenye kuitoa ni watu wa nia njema. Wanasema kwamba futi imeletwa na nguvu za kiuchumi za mataifa mawili, na kwamba kila kijana wa Kiafrika au wa Kiasia anayefundishwa kuisoma amefanywa kuwa mfuasi wa kipimo kisichokuwa cha kwao, ilhali watengenezaji wa programu wangeweza kuanza mageuzi ambayo wenye ndege wameshindwa kuyamaliza. Nakubali nusu ya kwanza. Lakini Urusi, iliyokuwa na viwanda vyake na marubani wengi waliokulia katika mita, ilihamia kwenye futi kwa ngazi za juu za anga mwezi Novemba 2011, kwa sababu ndege zilizokuwa zikivuka mipaka yake zililazimika kupanda au kushuka kila mara zilipoingia na kutoka. Ikiwa dola yenye anga pana kuliko zote haikuweza kuusukuma ulimwengu kuelekea kwenye mita, haifai mzigo huo kutwikwa kijana aliye chumbani kwake Tandika, anayejifunza kwa kompyuta kwa sababu ada ya saa moja ya ndege ya kweli imeshinda kipato cha nyumba nzima. Mageuzi yana mabaraza yake, na huko ningependa wajumbe wetu waseme kwa sauti. Kijana huyu akifika siku moja katika chuo cha urubani ataulizwa kwa futi.

Ninachowaomba watengenezaji, basi, ni kwamba saa za ndege waziache kama zilivyo kiwandani, na kwamba tafsiri ya mita, kwa anayeitaka, iwekwe nje ya chumba cha rubani, katika mstari wa pembeni wa kioo, ikiwa na jina la kipimo kando ya kila namba. Na ninachowaomba walimu na vijana wetu wanaotengeneza mafunzo ya programu hizi kwa Kiswahili ni kwamba wasiandike kimo chochote kwa namba tupu, wala wasiikwepe futi kwa hofu ya kuwachosha wasikilizaji. Mwanafunzi aanze na ile safari ya Dar es Salaam mpaka Tanga, ahesabu dakika za latitudo, na ateremke kwa kaida ya 3 na ya 5 bila kugusa kikokotoo. Kisha, akishaizoea, apewe Boeing katika uwanja wa Guangzhou, aamriwe kushika mita 9,200, na asiruhusiwe kupanda mpaka amesoma katika jedwali futi 30,100 na kuitamka namba hiyo pamoja na kipimo chake.